Urekebishaji wa DNA katika bakteria wa kifua kikuu

Urekebishaji wa DNA katika bakteria wa kifua kikuu ni jumla ya kazi za protini zinazotafuta, kutambua na kutengeneza sehemu za DNA zilizoharibika ndani ya *Mycobacterium tuberculosis*, bakteria anayesababisha ugonjwa wa kifua kikuu (TB). Kazi hizi hufanywa na vimeng'enya vya aina nyingi. Baadhi huondoa herufi moja mbovu, vingine hukata kipande kizima cha uzi wa DNA, na vingine huunganisha tena DNA iliyokatika kabisa.

Viumbe vyote vyenye seli hurekebisha DNA yao, lakini kwa bakteria huyu jambo hilo lina uzito wa pekee kwa sababu mbili. Kwanza, huishi ndani ya seli za kinga za binadamu ambazo humshambulia kwa kemikali zinazoharibu DNA. Bila urekebishaji hawezi kudumu mapafuni. Pili, usugu wake dhidi ya dawa hutokana na mabadiliko madogo katika DNA yake mwenyewe, yaani makosa ambayo hayakurekebishwa, au yaliyoingizwa na vimeng'enya vya urekebishaji vyenyewe.

Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Jiji la Dar es Salaam, hasa eneo la Temeke, ni mojawapo ya mahali katika Afrika Mashariki ambapo DNA ya bakteria huyu imechunguzwa kwa kina.

## Historia ya utafiti

Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Siku hiyo sasa huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi wa viumbe.

Mwaka 1949 Albert Kelner wa Marekani aligundua kwamba vijidudu vilivyopigwa na miale ya urujuanimno (UV) vilipona kwa wingi zaidi vikiwekwa kwenye mwanga wa kawaida. Mwaka huohuo Renato Dulbecco aliona jambo kama hilo kwa virusi vinavyoshambulia bakteria. Baadaye ilieleweka kwamba kuna kimeng'enya kinachotumia nguvu ya mwanga kurekebisha DNA. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba bakteria *Escherichia coli* hukata na kutupa vipande vya DNA vilivyoharibiwa na UV hata gizani.

Mwaka 1974 Tomas Lindahl wa Uswidi alieleza kimeng'enya kinachoondoa herufi ya urasili iliyoingia katika DNA kimakosa. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, alieleza kwa kina ukataji wa vipande vya nukleotidi, na Paul Modrich wa Marekani alieleza urekebishaji wa makosa ya kunakili. Watatu hao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Sehemu kubwa ya kazi yao ilitegemea bakteria.

Mwaka 1998 kundi lililoongozwa na Stewart Cole lilichapisha mfuatano wote wa DNA ya *M. tuberculosis* aina ya H37Rv. DNA hiyo ina jozi za besi takriban milioni 4.4 na jeni karibu 4,000. Watafiti walipolinganisha orodha ya jeni zake na ile ya *E. coli*, walikuta jeni nyingi za urekebishaji zinafanana, lakini kundi moja muhimu halikuwepo kabisa: jeni za *mutS* na *mutL*, ambazo katika bakteria wengine wengi husahihisha makosa ya kunakili.

## Jinsi DNA inavyoharibika

DNA imeundwa kwa nyuzi mbili zilizosokotana. Kila uzi una besi za aina nne: adenini (A), timini (T), guanini (G) na sitosini (C). A hukaa mkabala na T, na G hukaa mkabala na C. Kwa mpangilio huo, uzi mmoja ukiharibika, ule wa pili huweza kutumika kama kielelezo cha kuutengeneza. Urekebishaji mwingi hutegemea kanuni hiyo.

DNA ya *M. tuberculosis* huharibika kwa njia kadhaa:

* Maji. Sitosini ikikaa ndani ya maji hupoteza sehemu yake yenye nitrojeni na kugeuka kuwa urasili, ambayo husomwa kana kwamba ni timini. Kwa kuwa karibu asilimia 66 ya DNA ya bakteria huyu ni G na C, shabaha za badiliko hilo ni nyingi.
* Kemikali za kinga ya mwili. Mtu akivuta hewa yenye bakteria, seli za kinga ziitwazo makrofaji huwameza. Ndani ya makrofaji bakteria hupigwa kwa kemikali kali za oksijeni na nitrojeni. Kemikali hizo hugeuza guanini kuwa oksoguanini, ambayo inaweza kukaa mkabala na A badala ya C.
* Mwanga wa jua. Bakteria anayeelea hewani akipigwa na miale ya UV, timini mbili zilizo jirani kwenye uzi mmoja hugandamana. Hii ni sababu mojawapo ya kushauri nyumba za wagonjwa ziingize jua na hewa.
* Dawa. Levofloksasini na moksifloksasini hushika kimeng'enya cha girasi wakati kikiwa kimeikata DNA ili kulegeza msokoto wake, na kuacha nyuzi zote mbili zikiwa zimekatika.
* Makosa ya kunakili. Kabla ya seli kugawanyika, DNA yote hunakiliwa, na mara chache herufi isiyo sahihi huwekwa.

## Jinsi protini zinavyopata mahali palipoharibika

Tatizo la kwanza la protini ya urekebishaji ni kutafuta. DNA ya bakteria huyu ikinyoshwa ina urefu wa milimita 1.5 hivi, wakati seli yenyewe ina urefu wa mikromita 2 hadi 4 tu. Ndani ya kifurushi hicho kilichokunjwa, uharibifu unaweza kuwa herufi moja kati ya zaidi ya milioni nne, na herufi hiyo mbovu hutofautiana na ile nzima kwa atomu chache.

Protini hazina njia ya kuona uharibifu kutoka mbali. Huelea ndani ya seli zikisukumwa huku na huko na joto la kawaida, zikigusana na DNA bila mpango. Zikiishagusa, nyingi haziachii mara moja. Huteleza juu ya uzi kwa umbali fulani, huruka kidogo na kutua jirani, kisha huteleza tena. Kwa kuchanganya kuelea na kuteleza, protini hukagua sehemu nyingi kwa muda mfupi kuliko kama ingetegemea kuelea peke yake.

Wakati wa kuteleza, kila aina ya protini ina namna yake ya kupima:

* Ung, inayotafuta urasili, hupindua besi nje ya msokoto na kuiingiza katika kishimo kilichomo ndani ya protini. Urasili hukaa sawasawa kwenye kishimo hicho. Timini haiwezi kuingia kwa sababu ina kundi dogo la kaboni na hidrojeni linalozuia.
* MutM, inayotafuta oksoguanini, huchomeka asidi amino moja kati ya besi kama kabari. Mahali penye kasoro hupinda kwa urahisi zaidi kuliko mahali pazima.
* UvrA na UvrB hazitafuti aina moja ya uharibifu. UvrA hutambua umbo la DNA lililopotoka, kisha UvrB hutenganisha nyuzi mbili na kuhakikisha ni uzi upi ulioharibika. Kwa sababu hiyo huweza kugundua uharibifu wa aina nyingi, hata unaosababishwa na kemikali ambazo bakteria hajawahi kukutana nazo.

Ukaguzi wa hatua mbili, yaani kugusa haraka kwanza na kuthibitisha baadaye, huilinda DNA nzima isikatwe ovyo. Kimeng'enya kinachokata bila uhakika kingekuwa hatari kuliko uharibifu wenyewe.

Njia nyingine ya kutafuta hutumia mashine inayosoma jeni. Kimeng'enya cha polimerasi ya RNA hupita juu ya jeni kikitengeneza nakala za RNA. Kikifika mahali palipoharibika hukwama. Protini iitwayo Mfd hukikuta kimekwama, hukisukuma kando na kuziita UvrA na UvrB. Hivyo jeni zinazotumika kwa wakati huo hurekebishwa mapema kuliko zile zilizolala.

## Njia za urekebishaji

### Kuondoa besi moja

Njia hii hutumika kwa uharibifu mdogo kama urasili na oksoguanini. Glikosilasi kama Ung huikata besi mbovu na kuacha pengo, huku mgongo wa uzi ukiwa bado mzima. Kimeng'enya kingine hukata mgongo huo kwenye pengo, polimerasi huweka besi sahihi kwa kufuata uzi wa pili, na ligasi huziba mkato.

Kwa oksoguanini kuna ulinzi wa tabaka tatu. MutT husafisha malighafi zilizoharibika kabla hazijatumika kujenga DNA. MutM huondoa oksoguanini iliyomo tayari katika uzi. Kama DNA imeshanakiliwa na A imewekwa mkabala na oksoguanini, MutY huiondoa A hiyo ili C iwekwe mahali pake.

### Kukata kipande cha uzi

UvrB ikiishathibitisha uharibifu, UvrC hukata uzi pande zote mbili za mahali hapo. Kipande cha nukleotidi 12 au 13 hivi huondolewa kwa msaada wa helikasi UvrD, kisha polimerasi hujaza nafasi na ligasi huunganisha.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba *M. tuberculosis* asiye na UvrB hudhoofika akiambukizwa kwa panya. Kwa panya waliokosa uwezo wa kutengeneza kemikali kali za oksijeni na nitrojeni, bakteria hao walipata nafuu kubwa. Matokeo hayo yalithibitisha kwamba mwili hupigana na bakteria kwa kuharibu DNA yake, na kwamba urekebishaji ni silaha yake ya kujihami.

### Kuunganisha DNA iliyokatika

Mkato wa nyuzi zote mbili ni uharibifu mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna uzi mzima wa kuiga mahali hapo. *M. tuberculosis* ana njia mbili kuu za kuukabili.

Ya kwanza hutumia nakala nyingine ya DNA iliyomo ndani ya seli. Kimeng'enya AdnAB huandaa ncha zilizokatika, kisha protini RecA hujipanga juu ya uzi mmoja na kuutafutia sehemu inayofanana nao katika nakala nzima. Ikiipata, sehemu hiyo hunakiliwa. Njia hii ni sahihi sana, lakini huhitaji nakala ya pili.

Ya pili hutumia protini mbili, Ku na LigD. Ku hushika ncha mbili zilizoachana, na LigD huzisafisha, huongeza nukleotidi panapohitajika na kuziunganisha. *E. coli* wa kawaida hana njia hii. Kwa bakteria wa kifua kikuu ina faida kwa sababu anaweza kulala mwilini kwa miaka mingi akiwa na nakala moja tu ya DNA. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi huacha herufi zilizopotea au kuongezeka kwenye kiungo.

### Kusahihisha makosa ya kunakili

Kwa miaka mingi wanasayansi walijiuliza jinsi bakteria asiye na MutS na MutL anavyoweza kunakili DNA yake kwa usahihi unaolingana na wa bakteria wengine. Majibu mawili yalipatikana.

Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba kimeng'enya chake kikuu cha kunakili, DnaE1, kina sehemu inayoitwa PHP inayorudi nyuma na kufuta herufi isiyo sahihi papo hapo. Sehemu hiyo ikiharibiwa, mabadiliko huongezeka kwa zaidi ya mara elfu moja.

Mwaka 2017 watafiti wa Hispania na wenzao walitangaza kwamba katika *Mycobacterium smegmatis*, ndugu wa bakteria huyu asiye hatari, protini NucS ndiyo inayofanya kazi ya kusahihisha makosa yaliyobaki. Bakteria walioondolewa NucS walipata mabadiliko kwa kiwango cha juu zaidi kwa takriban mara mia moja au zaidi. Protini hiyo haifanani na MutS wala MutL kwa umbo. Ni mfano wa kazi moja kubuniwa mara mbili katika historia ya viumbe.

## Mwitikio wa dharura

Uharibifu ukizidi uwezo wa njia za kawaida, bakteria huwasha mpango wa dharura unaojulikana kama SOS. Dhana hiyo ilitolewa na Miroslav Radman katikati ya miaka ya 1970, ikijengwa pia juu ya kazi ya Evelyn Witkin.

Katika hali ya kawaida protini LexA hukaa juu ya jeni za dharura na kuzizuia zisisomwe. DNA ikiharibika, RecA hujipanga kwenye nyuzi zilizo wazi, na mpangilio huo huifanya LexA ijikate yenyewe. Jeni huachiwa na protini za urekebishaji hutengenezwa kwa wingi. *M. tuberculosis* ana pia mtambo wa pili wa kuamrisha, unaoitwa PafBC, unaodhibiti jeni nyingi za urekebishaji bila kutegemea LexA.

Miongoni mwa protini za dharura zimo DnaE2, ImuA' na ImuB. Hizi hunakili DNA kupita juu ya uharibifu ambao kimeng'enya cha kawaida hukwama mbele yake. Seli huokoka, lakini kwa gharama ya makosa. Mwaka 2003 kundi la Helena Boshoff na Valerie Mizrahi, likihusisha maabara ya Afrika Kusini, lilionyesha kwamba bakteria asiye na DnaE2 hudhoofika ndani ya panya na pia hupata usugu wa rifampisini kwa nadra zaidi. Mwaka 2010 kazi ya ImuA' na ImuB ilielezwa na kundi la Digby Warner na Mizrahi.

Mwaka 2019 maabara ya Houra Merrikh nchini Marekani ilionyesha kwamba hata Mfd huchangia kutokea kwa mabadiliko yanayoleta usugu katika bakteria wa aina mbalimbali, akiwemo wa kifua kikuu. Kwa hiyo baadhi ya protini zilezile zinazoilinda DNA ndizo zinazompa bakteria nafasi ya kubadilika.

## Uhusiano na usugu wa dawa

Bakteria wengi hupata usugu kwa kupokea jeni kutoka kwa bakteria wengine. *M. tuberculosis* hafanyi hivyo. Usugu wake wote huanza na badiliko katika kromosomu yake mwenyewe, ambalo halikurekebishwa likarithiwa na vizazi vyake.

Mara nyingi herufi moja inatosha. Badiliko linalopatikana zaidi katika usugu wa rifampisini hutokea kwenye jeni ya *rpoB*, ambapo TCG huwa TTG. Hapo C imekuwa T, aina ileile ya badiliko ambayo hutokea sitosini ikigeuka urasili bila kuondolewa. Kwa isoniazidi, badiliko la kawaida liko kwenye jeni ya *katG*, ambapo AGC huwa ACC.

Mabadiliko haya ni nadra. Kwa makadirio ya kawaida, bakteria mmoja kati ya milioni 100 hivi huwa na usugu wa rifampisini kabla ya kukutana na dawa, na mmoja kati ya milioni moja hivi huwa na usugu wa isoniazidi. Lakini shimo moja katika pafu la mgonjwa linaweza kuwa na bakteria milioni 100 au zaidi. Mgonjwa akipewa dawa moja tu, wachache wenye usugu hubaki hai, huzaliana na kujaza nafasi ya waliokufa.

Dawa mbili zikitumika pamoja, bakteria mwenye usugu wa zote mbili kwa bahati tu angepatikana mara moja katika bakteria trilioni 100, idadi inayozidi sana ile iliyomo mwilini mwa mgonjwa. Hii ndiyo sababu tiba ya kawaida huanza na dawa nne kwa miezi miwili, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. Mgonjwa anayeacha dawa mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimekoma na nguvu zimerudi huwa bado ana bakteria hai. Kukatisha na kurudia dawa huwapa wale wenye mabadiliko nafasi ya kuongezeka.

## Hali ya Dar es Salaam

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu takriban milioni 5.4 katika sensa ya mwaka 2022. Wengi wanaishi katika wilaya za Kinondoni na Temeke, pamoja na Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni iliyomegwa kutoka Temeke. Katika maeneo mengi yaliyojengwa bila mpangilio nyumba zimesongamana, familia nzima hulala chumba kimoja, na safari za kila siku ni ndani ya daladala zilizojaa. Kifua kikuu huenea kwa hewa, hivyo mazingira hayo humrahisishia bakteria kupita kutoka mtu hadi mtu.

Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa awali wa aina za bakteria wa jiji hilo. Ulionyesha kwamba familia za CAS, LAM na EAI ndizo zilizoenea zaidi. Miongoni mwa CAS kuna tawi linaloitwa CAS1-Kili, lililopewa jina hilo kutokana na Kilimanjaro.

Tangu mwaka 2013 Taasisi ya Afya Ifakara, ikishirikiana na Taasisi ya Uswisi ya Tiba za Kitropiki na Afya ya Jamii, imekuwa ikifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu katika Temeke. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, watafiti walisoma DNA nzima ya bakteria kutoka kwa wagonjwa 1,082 waliopatikana katika kipindi cha miaka sita. Waligundua kwamba kifua kikuu cha Dar es Salaam kinatokana hasa na aina mbalimbali zilizoletwa Tanzania kutoka sehemu tofauti za dunia katika miaka 300 iliyopita. Aina iliyoenea zaidi, L3.1.1, ilifikia hapo kwa sababu iliingia mapema na huambukiza kwa kasi. Haikuonekana kusababisha ugonjwa mkali kuliko nyingine.

Utafiti wa namna hiyo hutegemea moja kwa moja kazi ya urekebishaji wa DNA. Makosa yanayoponyoka katika *M. tuberculosis* ni machache na huja kwa mwendo wa polepole: kwa wastani takriban badiliko moja la herufi katika DNA nzima kwa kila miaka miwili. Mwendo huo hutumika kama saa. Ikiwa bakteria wa mgonjwa wa Mbagala na wa mgonjwa wa Tandale wanatofautiana kwa herufi mbili au tatu tu, huenda maambukizi yao yana chanzo kimoja cha karibuni. Wakitofautiana kwa mamia ya herufi, mababu wa bakteria hao waliachana zamani sana, na wagonjwa hao hawakuambukizana.

## Umuhimu katika uchunguzi na tiba

Kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na WHO mwaka 2010, hutafuta DNA ya bakteria katika makohozi na kukagua sehemu ya *rpoB* yenye jozi za besi 81. Karibu asilimia 95 ya mabadiliko yanayoleta usugu wa rifampisini hupatikana hapo. Majibu hutoka kwa takriban saa mbili, wakati kuotesha bakteria maabara huchukua wiki kadhaa kwa kuwa hugawanyika mara moja tu kwa siku hivi. Kwa uchunguzi wa ngazi ya taifa, Tanzania ina Maabara Kuu ya Rufaa ya Kifua Kikuu, iliyoko Muhimbili jijini Dar es Salaam.

Tiba ya kifua kikuu sugu nchini ilianza mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Baadaye huduma hiyo ilipelekwa karibu zaidi na wagonjwa katika mikoa mingine. Tiba hiyo zamani ilichukua hadi miaka miwili na kuhusisha sindano za kila siku, zilizowaacha baadhi ya wagonjwa wakiwa viziwi. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza mseto wa vidonge wa miezi sita wenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini Tanzania.

Watafiti wanachunguza pia uwezekano wa kuzuia urekebishaji wenyewe. Fikra ya kwanza ni kuzuia njia zinazomlinda bakteria, ili kemikali za makrofaji na dawa zilizopo zimuue upesi zaidi. Ya pili ni kuzuia protini zinazoleta makosa, kama DnaE2, ImuB au Mfd, ili usugu uchelewe kutokea. Dawa ya namna ya pili isingeua bakteria yenyewe, bali ingelinda dawa nyingine zisipoteze nguvu. Ugumu mmojawapo ni kuhakikisha kwamba dawa hizo haziathiri urekebishaji wa DNA katika seli za mgonjwa. Protini kama NucS, AdnAB na DnaE2 hazipatikani kwa binadamu, na kwa sababu hiyo huangaliwa kwa makini.

## Tazama pia

* Kifua kikuu
* DNA
* Bakteria
* Kimeng'enya
* Usugu wa dawa
* Robert Koch
* Wilaya ya Temeke
* Wilaya ya Kinondoni